Chai Ambayo Zaina Hakuionja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo viganja vyangu hulowa jasho. Nilikuwa kwenye foleni pale petite barrière, kile kivuko kidogo cha mpaka wa Rwanda na Kongo, narudi Gisenyi kutoka Goma, beseni tupu kichwani, jua la mchana limewaka. Sikuwa nakimbia wala sikuwa nimegombana na mtu. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni, na mimi nilikuwa namchekesha yule mtoto. Mara moyo ukaanza kwenda mbio wenyewe.

Ulidunda mpaka nikausikia masikioni. Vidole vikafa ganzi, midomo ikawa inanichomachoma, kifua kikabana, nikawa navuta pumzi na pumzi haitoshi. Jasho la baridi likanishuka mgongoni kwenye jua lile kali. Nikajiambia, basi, ndiyo nakufa, nakufa mpakani kabla sijafika hata nyumbani. Beseni likaanguka, watu wakageuka kunitazama, nami nikaanguka chini.

Hali hiyo unaijua. Juzi uliingia kwangu umeshika kifua, umeacha kazi hotelini katikati ya zamu, ukaniambia kwamba Aline, mwenzako wa jikoni, alikupa juisi ya maracuja, na kabla hujaimaliza moyo ukaanza kukupiga. Ukasema Aline hakuionja. Tangu juzi simu yako hainyamazi. Shangazi zako wanapiga mmoja baada ya mwingine, na kila anayepiga analitaja jina la Aline. Siku ile sikusema kitu kwa sababu ulikuwa hoi. Leo naona umepata nafuu kidogo, kwa hiyo kaa hapo unisikilize. Jambo lenyewe si jepesi kwangu kulisema.

Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliotoka huku Rwanda. Tuliporudi nilikuwa msichana wa kuolewa, na haikuchukua muda nikaolewa hapa Gisenyi, kwenye ukoo wenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuwachekesha mashemeji. Kazi niliyoipata ni ile ya wanawake wengi wa hapa: asubuhi nachukua karoti na kabichi zilizoshuka kutoka Busasamana, navuka nazo, nauza Goma, jioni narudi kwa mume wangu na mama mkwe.

Goma sikumjua mtu hata mmoja. Aliyenipokea ni Zaina. Alikuwa akiuza unga wa muhogo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika soko zima, na siku ya kwanza aliponiona nimekaa kimya nyuma ya karoti zangu alinijia juu.

"We unauza karoti ao unaziombea maombi?"

Akanisogezea nafasi kando ya meza yake, akanifundisha kupaza sauti, akanifundisha mteja yupi wa kumbembeleza na yupi wa kumwacha aende zake. Nikimaliza kuuza, alifungua chupa yake ya chai. Nawe unaijua desturi yetu: anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Ni heshima, na ndani ya heshima hiyo kuna ule woga wa sumu ambao kila nyumba ya hapa ina hadithi yake. Zaina alionja kila siku, funda moja dogo, kisha akanipa kikombe akinitania kwamba sukari yote imekwisha kwenye funda lake. Nilimpenda yule mwanamke. Sina namna nyingine ya kulisema.

Ukaja mwezi wa Ramadhani, Zaina akafunga. Nikamwambia aache habari ya chai mpaka Idi, akakataa kabisa.

"Mi njo nafunga, si we. Utarudi kwenu na njaa, watasema Goma hakuna batu?"

Akaendelea kuja na chupa. Alikuwa anamimina, ananikabidhi kikombe bila kukionja, kisha anageuza uso pembeni ili harufu ya tangawizi isimsumbue. Sikuona ubaya wowote. Nilikulia Karagwe tukipakana na Waislamu, nilijua vizuri kwamba aliyefunga haweki kitu kinywani mchana.

Chai niliyoinywa siku ile ya foleni ni hiyo.

Na kuna jambo lingine ambalo watu hawakulijua. Miezi michache kabla, mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeharibika. Nyumbani lilizungumzwa mara moja, likafunikwa. Nilirudi sokoni kabla mwili haujapoa vizuri. Usingizi ukawa wa kudonoadonoa, chakula hakinipiti, mlango ukibamizwa nashtuka kama nimefumaniwa. Nilidhani ni uchovu. Nilijitia ushujaa, nikasema wenzangu wote wanabeba yao na wanavuka.

Basi wanawake wa foleni walininyanyua, nikapakiwa kwenye pikipiki, mama mmoja amenishika nyuma nisianguke, nikafikishwa kwetu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alinipenda kwa namna yake ya kuamrisha. Alinilaza, akanifungua kitenge kifuani, akanipepea, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile walilokuuliza shangazi zako.

"Yebaba we! Ulikunywa kwa nani?"

"Kwa Zaina."

"Alionja kwanza?"

"Hapana."

Nilisema hapana, mwanangu, na ilikuwa kweli. Nililoliacha ni neno moja tu: amefunga. Nilikuwa nalijua, lilikuwa pale pale mdomoni, na sikulisema. Nilikuwa naogopa kufa, nikataka kinachoniua kiwe na jina, na jina la Zaina ndilo lililokuwa karibu.

Hospitali hatukwenda. Aliitwa mzee mmoja anayejulikana kwa kutapisha waliokula sumu, nikanyweshwa majani machungu, nikatapika mpaka sikuwa na kitu tumboni. Nilipomaliza nililala kama gunia, na moyo ukatulia. Yule mzee akachungulia ndani ya beseni, akatikisa kichwa, akasema kitu kimetoka. Leo najua kwamba moyo ulitulia kwa sababu mwili hauwezi kuogopa kwa nguvu ile kutwa nzima, huchoka, ukaacha. Lakini siku ile nyumba nzima iliamini. Mimi pia niliamini, au nilitaka kuamini, na siku hizi sioni tena tofauti yake.

Maneno yalivuka mpaka upesi kuliko karoti. Hayakuombwa hata karatasi.

Zaina mwenyewe alichelewa kusikia. Alichoambiwa ni kwamba Vere, ndiyo mimi Verediana, ameanguka mpakani. Akavuka kuja kuniona. Nilikuwa chumbani, dirisha liko wazi, nikamsikia akibisha hodi kwa sauti yake ile ile ya sokoni.

"Hodi! Nakuya kuangalia Vere. Nimemuletea bunga kidogo."

Mama mkwe akatoka mlangoni.

"Rudi nayo bunga yako. Umekuya kuangalia kama ameshakufa?"

Kisha nikamsikia Zaina, sauti imeshuka.

"Mama, njo nini unasema? Vere iko wapi? Vere! We Vere, ambia mama yako!"

Nilikuwa na sauti. Nilikuwa na miguu ya kunifikisha mlangoni. Moyo ulikuwa umeanza tena kwenda mbio, nikajifunika shuka kichwani kama mtoto, nikasubiri aondoke. Alisimama pale muda mrefu, bila kuita tena. Halafu nikasikia ndala zake zikikanyaga yale mawe meusi ya uani, zikienda.

Sasa sikia. Baada ya hapo nilitegemea kupona, kwani si kitu kimetoka? Jumapili moja nilikuwa kanisani, nimesimama kwenye mstari wa komunyo. Sikuwa nimekula wala kunywa tangu kuamka. Mama yangu alitulea hivyo, komunyo hupokelewa na tumbo tupu. Na pale pale kwenye mstari, moyo ukaanza. Ganzi vidoleni, kifua kubana, jasho la baridi, vyote kama vilivyokuwa mpakani. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umenipa kitu siku ile. Nilikuwa nimefunga. Nikasimama pale natetemeka mbele ya padri, na neno lile nililolificha likanirudia lote.

Unadhani nililisema? Sikulisema. Kulisema kungekuwa kukiri kwamba nimemharibia mtu jina bure. Nikaona afadhali nisiende tena kanisani. Sokoni nilikuwa nimekwisha kuacha. Kisha nikaacha kwenda bombani kwa sababu pana foleni, nikaacha kushuka ziwani kwa sababu ni mbali na nyumbani, nikaishia kukaa karibu na mlango, nikihesabu mapigo ya moyo wangu. Kila mahali nilipopakimbia, hofu ilipachukua pakawa pake. Mji wote huu, mwanangu, ukabaki chumba na kiambaza.

Aliyenitoa ni baba yangu. Yeye alikuwa anakaa Rubona, karibu na bandari, mtu wa maneno machache. Alikuja kututembelea, akaniona nilivyokonda, hakuuliza nani kanipa nini. Alisema tu, "Vaa viatu." Akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alinipima damu, akanipima presha, akanibandika vile vya kusikiliza moyo, akanisubirisha. Mwisho akaniambia moyo wangu ni mzima. Nililia kwa hasira. Nilidhani ananiita mwongo.

"Sikusema unadanganya," akaniambia. "Unayoyasikia mwilini ni ya kweli. Ni hofu iliyopita kiasi, na hofu huwa haikai kichwani peke yake. Inashika moyo, inashika pumzi, inashika tumbo. Inatisha sana, lakini itapita. Je, kuna jambo lilikuumiza?"

Ndipo kwa mara ya kwanza nikaizungumzia ile mimba. Niliongea mpaka koo likakauka, na yeye hakunikatiza. Alinionyesha namna ya kupumua, kuvuta kidogo na kutoa polepole, kutoa kurefu kuliko kuvuta. Akaniambia nisiache kurudi kuongea na mshauri wa pale, na kwamba ikihitajika ipo dawa, si aibu kuimeza.

Tulipotoka, Baba hakunipeleka nyumbani moja kwa moja. Tulikaa ziwani, kwenye ukuta, wavulana wanaogelea. Nikamweleza yote, mpaka chai. Alisikiliza huku anatazama maji.

"Karagwe tulikaa jirani na nani?" akaniuliza.

"Na Mzee Idrisa, Baba."

"Mwezi wa Ramadhani uliwahi kumwona mke wake akionja mchuzi mchana, hata huo aliokuwa anatupikia sisi watoto wa jirani?"

"Hapana, Baba."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Akanigeukia. "Kuogopa si kosa, binti yangu. Ulikuwa unaumwa. Lakini mama mkwe wako alikuuliza swali, na jibu ulikuwa nalo lote. Ukampa nusu." Akainuka, akajipangusa suruali. "Nenda ukampe ile nusu nyingine. Halafu uende kwa yule mwanamke."

Hakulirudia tena, hadi anakufa. Laiti angenipigia kelele, ningesahau upesi.

Mama mkwe nilimwambia siku ile ile. Alikaa chini, akashika mdomo, akasema "Mana yanjye," yaani Mungu wangu. Lakini kuvuka kulinichukua muda. Siku ya kwanza nilifika kwenye kona tu, pale unapoanza kuiona barrière, nikasimama na moyo wangu unaodunda, natoa pumzi polepole, mpaka ukapungua, ndipo nikarudi. Kesho yake nikasogea kidogo. Siku nyingine nilishindwa nikarudi nikilia. Mume wangu alikuwa anatembea nami, hanivuti, hanisukumi. Mwishowe nikapita.

Sokoni nilikuta mahali pa Zaina anakaa mtu wa viatu vya mitumba. Nikaelekezwa nyumbani kwa Zaina, mtaa wa Birere. Yule mtu wa viatu ndiye aliyeniambia habari yenyewe: unga wa mtu aliyetajwa sumu haununuliwi. Wateja walianza kupungua mmoja mmoja, kisha hata wale aliowakopesha wakati wa shida wakawa wanapita upande wa pili wa njia.

Zaina alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amepungua mwili.

"Karibu. Ikala."

Nikakaa, nikasema yote. Nilimweleza ugonjwa, nikamweleza kanisani, nikamweleza swali la mama mkwe na lile neno nililolimeza. Nilimwambia kwamba siku ile alipokuja nilikuwa ndani na nilimsikia. Alisikiliza mikono imelala mapajani.

"Ile ya mama mukwe yako haikuniuma sana," akasema. "Yeye hanijue. Lakini we ulijua mi nilikuwa nafunga. Njaa yangu, na bado nilikupikia chai. We njo uliniuma, Vere."

"Nisamehe, Zaina."

"Nilishakusamehe zamani. Mungu anajua."

Akainuka. Akaleta chupa ya chai, ile ile yenye maua mekundu, na kikombe kitupu, akaviweka mbele yangu mezani. Nikasubiri amimine. Hakumimina.

"Bon. Jitilie," akasema. "Usikasirike. Mi siwezi tena kutilia mutu chai. Hata bageni ya bwana yangu, kila mutu anajitilia. Mukono inakataa."

Nikajimiminia. Nyingine ikamwagika mezani. Ilikuwa na tangawizi na sukari nyingi, kama nilivyokuwa naipenda. Aliikumbuka sukari yangu. Niliinywa nikiwa nalia, na yeye alikuwa anatazama mlango.

Tangu hapo tulisalimiana. Alihamia Bukavu kwa kaka yake, akaanza upya, na kila Idi nilimpigia simu, naye kila Noeli alinipigia. Nilikwenda kumwona zaidi ya mara moja. Chai ilikuwepo kila mara. Amekwisha kufariki sasa, na mpaka alipofariki hakuwahi tena kunimiminia kwa mkono wake.

Mwanangu, nimekueleza haya si ili uone haya kwa kuugua. Moyo wako kwenda mbio si uongo, na si udhaifu, wala usikubali mtu akuambie ujikaze tu. Nilijikaza mimi, umeona kulikonifikisha. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, mimi na wewe, wakupime vizuri. Kama kuna kitu mwilini, wao ndio watakaokiona, si mzee wa majani. Na kama ni hofu, utaambiwa jina lake na utafundishwa kuishi nayo mpaka ipungue. Ikija tena, keti, kanyaga chini vizuri, toa pumzi polepole, mwambie aliye karibu nawe "imenishika, kaa nami." Usiikimbie kila mahali, utakosa pa kukaa. Na lile lililo chini yake, maana naona lipo, na sikulazimishi uniambie leo, mtafutie mtu wa kumwambia. Lisioze humo ndani.

Lakini kuna moja haliwezi kungoja kesho. Shangazi zako walikuuliza kama Aline alionja, ukasema hapana. Ni kweli hakuonja. Sasa niambie lililobaki, kwa sababu wewe mwenyewe ulinisimulia mwezi uliopita ukicheka: jikoni kwenu hotelini ni marufuku kutia mdomo kwenye glasi ya mwenzako, na msimamizi wenu ni mkali kwa hilo. Ulinisimulia mimi. Wao hujawasimulia.

Simu hiyo hapo mezani. Anza na shangazi yako mkubwa, maana yeye akijua wamejua wote. Ukishindwa, mimi nitakushikia simu. Jina la Aline bado halijafika kwa msimamizi wenu wala kwa mama yake. Leo jioni bado liko ndani ya ukoo wetu, tunaweza kulirudisha likiwa zima. La Zaina lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka.

Mungu akutulize moyo, mwanangu. Akupe usingizi wa kweli na pumzi ya kutosha, akupe miguu ya kuvuka kila mpaka unaouogopa. Na akujalie, mpaka nywele zako ziwe nyeupe kama hizi zangu, usikose mtu ambaye mkono wake haukatai kukumiminia chai.